Sauti Katika Stoo ya Mutalemwa

Kokugonza alikuwa na kazi tatu zisizokwepeka: kufagia uwanja kila asubuhi, kuteka maji kila jioni, na kusafisha stoo ya baba yake kila Jumamosi. Kazi ya maji ndiyo aliyoipenda zaidi. Njia ya kisimani ilipita katikati ya migomba, na huko alikutana na wenzake wa darasa la tano, wasichana waliokuwa na maneno mengi kuliko maji waliyobeba.

Baba yake, Mzee Mutalemwa, alikuwa na duka pekee katika kitongoji chao huko Bweranyange. Mwaka huo wa 1984 sabuni ilikatwa vipande kama jibini, na sukari ilionekana sikukuu kwa sikukuu. Lakini kitu kilichomfanya Mutalemwa asalimiwe shikamoo hata na rika lake ni redio. Yeye ndiye aliyekuwa wakala wa redio mpya za bendi tatu, zile ambazo watu wa mjini walikuwa nazo tangu mwaka juzi.

Kwake redio zilidondoka moja moja, kila baada ya miezi miwili au mitatu, kama matone ya paa bovu. Kila iliyodondoka ilikuwa na bei kubwa kuliko iliyotangulia. Tena haikuuzwa peke yake. Aliyeitaka alilazimishwa kununua na majembe mawili, na kuahidi kwamba betri hatanunua kwingine.

"Hazijafika," Mutalemwa aliwaambia waliouliza. "Kiwanda ndicho kinachochelewesha. Andika jina lako hapa, usubiri."

Watu wakaandika, wakasubiri. Jina la kwanza katika daftari lilikuwa la baba yake Fidele, mkulima wa kahawa wa jirani. Mzee yule alizikwa masika yaliyopita, na hadi siku ya mwisho alikuwa akimwuliza Fidele kama redio imefika.

Stoo yenyewe ilikuwa nyuma ya duka. Ilijengwa kwa matofali ya kuchoma, ikaezekwa bati, na dirisha lake dogo lilizibwa kwa mbao. Wazee walisema kwamba mahali pale, enzi za wafalme, palikuwa na nyumba ya kutunzia ngoma za kifalme, na kwamba ardhi ile haijasahau. Watu wa kitongoji walikuwa Wakristo wazuri, Walutheri kwa Wakatoliki. Hata hivyo hakuna aliyepiga mluzi akipita pale jioni.

Jumatatu moja Kokugonza alichelewa kisimani, wenzake wakamwacha. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya kilima alipofika kwenye stoo, dumu likimlemea kichwani. Hapo akasikia mwanamume akizungumza ndani.

Sauti ilikuwa ndogo na ya upole, nayo haikupumzika. Kokugonza alidhani ni baba yake anazungumza na mteja, lakini kufuli lilikuwa mlangoni, limefungwa. Sauti ya mwanamume ikanyamaza. Ikajibu ya mwanamke, nayo ya upole vilevile, kwa maneno ambayo hayakuwa Kiswahili wala Kinyambo, lugha ya kwao.

"Baba?" Kokugonza aliita. "Baba, uko ndani?"

Yule mwanamke wa ndani hakumjali. Aliendelea na maneno yake, kisha kitu kikalia kama upepo unaopita kwenye tete, kikapanda, kikashuka, kikafa. Kokugonza alikimbia bila kuangalia nyuma, na maji yalipofika nyumbani hayakujaza hata sufuria ya ndizi.

"Umemwagia nani maji yote hayo?" mama yake, Adelgunda, aliuliza.

"Mama, stoo inaongea."

Mutalemwa alikuwa akinawa mikono tayari kwa chakula. Alicheka. "Stoo haina mdomo." Akachukua tochi, akatoka. Alirudi upesi kuliko alivyokwenda, akaketi, akala matonge mawili tu. Kokugonza hakuwahi kumwona baba yake akiacha ndizi na maharage kwenye sahani.

Habari haina miguu lakini hutembea. Kufikia kesho yake watu walisimama mbali na stoo saa za jioni wakisikiliza. Mchana mlikuwa kimya humo, unasikia panya tu. Jua likizama, wale wa ndani wanaanza mazungumzo yao.

Jumatano asubuhi palikuwa na vifurushi mbele ya mlango. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na kufungwa kwa majani ya mgomba. Kwao mgeni wa heshima hupewa kahawa hiyo kabla ya jambo lolote. Basi mgeni usiyemwona, naye utamnyima? Hata mke wa mwinjilisti alileta ya kwake, ameificha chini ya kanga, akitumaini hakuna atakayemwona. Akakutana mlangoni na waumini wenzake watatu, kila mmoja amefumbata kanga yake. Walisalimiana na kutazama pembeni.

Mtu mmoja tu hakuleta kahawa. Huyo ni Bibi Nyiransabimana, mjane aliyekuwa akisuka vikapu katika kibanda chake nyuma ya stoo. Alikuwa ametoka Rwanda zamani, kabla wazazi wengi wa pale hawajaoana. Kokugonza alimpenda kwa sababu alimfundisha kusuka, na hakumcheka vikapu vyake vilipoinama upande.

"Jamani, hiyo ni redio," Bibi alisema dukani mbele ya watu. "Inasema Kinyarwanda. Jana ilikuwa inatoa bei ya viazi."

Watu wakamgeukia Mutalemwa. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kahigi, akamwuliza, "Waitu, ndugu yetu, humo stooni kuna redio?"

Kokugonza alikuwa nyuma ya kaunta akipanga viberiti. Alijua jibu. Kila Jumamosi alifagia kuzunguka maboksi thelathini na mawili yaliyofunikwa magunia ya kahawa, na siku ya kwanza alipouliza ni ya nini, baba yake alimwambia, "Kahawa ikichumwa mbichi hupoteza bei, na redio ikitolewa upesi ni hivyo hivyo. Wewe fagia. Hujaona kitu."

"Mungu ananiona," Mutalemwa akasema sasa, mkono juu. "Humo hamna redio hata moja."

Kokugonza aliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini hata yeye aliamini kwamba sauti ile haikuwa ya redio. Zile za stoo hazikuwa na betri, na redio isiyo na betri ni sanduku tu. Jambo moja la Jumamosi lilimjia akilini, akalifukuza. Ile ilikuwa imenyamaza kabisa, alijiambia. Aliisikia mwenyewe ikinyamaza.

Baada ya kiapo hicho macho ya watu yalihama. Yalihama taratibu, kutoka mlango wa stoo hadi kibanda cha nyuma yake.

"Yeye amejuaje maneno ya kilichomo?" mmoja akanong'ona. "Na kwa nini kiseme lugha yake?"

Alhamisi jioni Kokugonza aliona jambo lililomnyima usingizi. Alikuwa akitoka kisimani na wenzake, wote wamenyamaza, wanatembea kwa vidole. Bibi Nyiransabimana alikuwa ameketi chini nyuma ya stoo, sikio lake limebanwa kwenye ukuta. Sauti ya ndani ilikuwa ikitaja kitu kimojakimoja polepole, kama mwalimu anayeita majina. Kila ilipotaja, midomo ya Bibi ilichezacheza. Machozi yalimtiririka, naye alikuwa akiujibu ukuta.

Wasichana walitupa madumu yao wakakimbia. Asubuhi yake hapakuwa na mtu Bweranyange ambaye hakuwa na habari kwamba Nyiransabimana anazungumza na wafu.

Ijumaa mchana Fidele alikuja dukani kununua chumvi. Wanaume walikuwa wakijadili jambo lilelile, naye akatikisa kichwa.

"Ningesema ni redio," alisema. "Ile ya marehemu baba, kabla haijaharibika, ilikuwa na tabia hii hii. Mchana utadhani imekufa. Jua likizama, Kigali na Bujumbura zinaingia zenyewe, hujaigusa. Lakini Mutalemwa ameapa, na mtu mzima haapi ovyo."

Kiberiti kilimponyoka Kokugonza. Lile jambo la Jumamosi lilirudi, na safari hii halikukubali kufukuzwa.

Jumamosi ile baba yake alikuwa amekwenda mjini Kayanga. Kokugonza alikuwa peke yake stooni na ufagio. Aliinua gunia, akafungua boksi moja, akaitoa redio yenye harufu ya upya. Akachukua betri nne kwenye katoni, akazitia mgongoni mwa redio. Alitaka kusikia wimbo mmoja tu. Lakini ilikuwa saa sita mchana, na redio ilikoroma tu. Alizungusha hiki, akazungusha kile, mara mama yake akamwita. Kwa haraka alirudisha kifungo cha sauti nyuma mpaka mkoromo ukaisha, akairudisha boksini, akaliweka boksi chini kabisa ya mengine. Hakusubiri kusikia kile kidude kinachosema "ta!" redio inapozimika.

Kwa hiyo haikuzimika. Ilikuwa macho siku zote hizo gizani chini ya magunia, na kila jua lilipozama, sauti za mbali ziliingia ndani yake zenyewe.

Jioni hiyo Kokugonza alimfuata baba yake uani. "Baba, mtu akikosea kitu kidogo, halafu kikawa kikubwa..."

"Si leo," Mutalemwa alimkata. Sura yake ilikuwa imekonda kwa wiki moja. "Kayanga wamekamata mtu aliyeficha magunia ya sukari. Wakisikia neno lolote kutoka hapa, tumekwisha. Unasikia? Neno lolote."

Kokugonza akameza maneno yake. Alipanga kesho yake, Jumamosi, akiingia kufagia, aizime kimyakimya, na mambo yaishe. Lakini kesho yake baba yake alimkataza mtu yeyote kuingia stooni. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi. Na yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mwenye mali, hakudiriki kuingia. Alijua redio zake hazina betri, kwa hiyo aliyekuwa akiongea humo hakuwa redio. Mutalemwa alikuwa akiogopa kuliko wote.

Jioni hiyo sauti ilidhoofika. Ilikwaruza na kuguna, ikapotea, ikarudi, kama mgonjwa anayetafuta pumzi. Watu walisema amekasirika. Kokugonza peke yake ndiye aliyejua kwamba betri zinakufa. Zikifa, hakutakuwa tena na kitu cha kuthibitisha lolote, na watu watakuwa wameshampata mchawi wao, Bibi.

Jumapili baada ya ibada Mzee Kahigi aliita mkutano mbele ya stoo. Walianza saa kumi. Walizungumza kwa mizunguko, maana hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kulitaja jambo lenyewe, na jua lilikuwa limegusa kilima balozi alipolitaja.

"Mama Nyiransabimana, sisi si watu wa kupiga wala kuchoma nyumba," alisema. "Tunakuomba tu uondoke kabla ya Jumatano. Ukiondoka, na hicho chako kitakufuata."

Bibi alisimama kwa kushika mkongojo. "Niende wapi, waitu? Niliingia hapa mwaka sitini na moja, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe nimemzika pale." Alionyesha migomba ya nyuma ya kibanda chake. "Nimwachie nani?"

Fidele alitazama miguu yake. Adelgunda alifuta macho kwa ncha ya kanga. Mutalemwa aliketi kwenye kiti chake cha duka, ufunguo kifuani, uso wake umegeukia kando.

Ndani ya stoo kitu kikaguna. Watu wakasogea nyuma kwa pamoja.

Kokugonza alitazama ule ufunguo kifuani mwa baba yake. Alifikiria fimbo. Alifikiria baba yake amefungwa kamba nyuma ya gari la polisi wa Kayanga. Kisha akamwona Bibi akikunja mkeka wake mdogo aliokuwa ameukalia, akiukunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayeanza kufungasha.

"Ni mimi!" alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Msimfukuze Bibi. Mimi ndiye niliyetia betri."

"Kokugonza, nyamaza!" Mutalemwa aliruka kutoka kitini.

Lakini Mzee Kahigi aliinua mkono. Alimtazama mtoto, akamtazama baba, kisha akauliza polepole, "Ulitia betri kwenye nini, mwanangu?"

Kila mtu alisikia mkoromo wa ndani. Kokugonza hakuwa na haja ya kujibu, maana watu wote walikuwa wakimtazama Mutalemwa. Ndipo Adelgunda alipomsogelea mumewe, akautoa ule uzi shingoni mwake kwa upole, kama anayemvua mgonjwa shati, akampa balozi ufunguo.

Waliingia wanaume watatu na tochi. Walitoa magunia, wakatoa maboksi, wakayapanga uwanjani mbele ya watu. La mwisho lilitoka likinong'ona. Fidele alilipokea, akalifungua, akazungusha kifungo mbele. Sauti ya mwanamume ilitoka pale kifuani mwake, dhaifu lakini wazi, ikisoma majina.

Fidele hakuitazama ile redio. Alikuwa akiyahesabu maboksi kwa macho. "Zilikuwa hapa," alisema. "Baba alikuwa akiuliza kila siku, nami nikija hapa naambiwa kiwanda kinachelewesha. Mzee Mutalemwa, zilikuwa hatua thelathini kutoka kitandani kwake."

Mutalemwa aliinamisha kichwa. Angetukanwa angeweza kujibu, lakini Fidele hakumtukana. "Nimekosa," alisema. "Sina la kujitetea. Nilidhani nangoja bei tu. Sikudhani kuna watu ndani ya kungoja kwangu."

Bei ya kiwanda ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kila boksi. Mzee Kahigi aliisoma kwa sauti, na watu walioshanunua walipiga miguno. Ikaamuliwa kwamba redio zote ziuzwe wiki hiyo kwa bei ya karatasi, kwa kufuata daftari, bila majembe, na waliozidishiwa warudishiwe. Mutalemwa alinyang'anywa uwakala mwezi uliofuata. Aliendelea kuuza chumvi na viberiti, na ilichukua mwaka mzima kabla watu hawajarudia kumwamkia bila tabasamu la kejeli.

Jioni ile watu walipotawanyika, wengine walipita kwa Bibi Nyiransabimana kuomba radhi, wengine hawakuwa na uso wa kupitia. Kokugonza na baba yake walibaki wa mwisho. Mutalemwa aliiweka mbele ya Bibi ile redio iliyokuwa ikiongea, pamoja na betri mpya.

"Bibi," Kokugonza aliuliza, "Alhamisi ulikuwa unajibu nini ukutani?"

"Walikuwa wakisoma matangazo ya vifo," Bibi alisema. "Nilikuwa nasikiliza kama watawataja wa kwetu. Kila jina nisilolijua, nilisema asante. Miaka ishirini na mitatu sikuwa nimesikia majina ya kwetu yakitajwa na mtu mwingine. Mlidhani nina mapepo, kumbe nilikuwa na hamu ya nyumbani."

Kokugonza alianza kulia. "Nisamehe. Nilijua tangu Ijumaa."

"Najua sasa." Bibi alimvuta karibu, lakini hakuyapunguza maneno yake. "Sikiliza, mwana wanjye, mwanangu. Kuchezea redio ni utoto, na utoto husamehewa. Baba yako alisema uongo, na watu wakaujaza kwa woga wao. Lakini siku zile mbili ulizonyamaza, nawe ulikuwa miongoni mwa walionifukuza. Mtu akiwa karibu kuumizwa kwa jambo ambalo wewe unalijua, kunyamaza kwako si adabu wala si utii kwa mzazi. Ni uongo usio na sauti, na huo ndio mbaya, maana hakuna anayeusikia akaukanusha." Kisha akamgeukia Mutalemwa. "Nawe ni mtu mzima, sitakufundisha. Huyu mtoto amekufundisha."

"Amenifundisha," Mutalemwa alisema.

Tangu siku hiyo njia ya kisimani haikuwa na la kuogopesha. Kila jioni Kokugonza aliporudi na dumu lake aliketi kidogo mlangoni kwa Bibi, akisuka kikapu. Redio ikianza kusoma majina, wote wawili walinyamaza. Bibi alisema asante kwa kila jina, na baada ya siku chache Kokugonza naye akawa anasema, ijapokuwa hakumjua hata mmoja.

Na kabla ya kuondoka, kila siku, alizungusha kifungo nyuma na kusubiri mpaka asikie "ta!"